Jiwe la Mwenye Mchele

Katika duka lile hukuruhusiwa kugusa santuri. Zilipangwa kwenye rafu za mbao nyuma ya meza, na mwenye duka alikaa mbele yake na kitambaa begani, mkali kama kuku mwenye vifaranga. Jina la wimbo hakukuuliza, maana wengi wetu hatukulijua. La mwimbaji pia hatukulijua, kwa sababu redio ilikuwa imekoroma palepale lilipotajwa. Yeye alisema neno moja tu: "Imba." Nawe uliimba, mchana kweupe, mbele ya wanunuzi wengine, na sauti yako mbovu, mtoto mgongoni au kikapu kichwani. Mistari miwili ilimtosha. Alifumba macho, akainuka, akavuta santuri moja kati ya mamia. Sikuwahi kumwona akishindwa ila mara moja, na kosa lilikuwa langu.

Duka lilikuwa Kasongo, upande wa chini wa soko, mlango wa buluu. Watu walilijia kutoka mbali. Wale wa Kabambare na Wamaza walitembea siku mbili, siku tatu, wimbo ukiwa mdomoni, wakiuimba polepole ili usidondoke njiani. Ulimsalimia mtu barabarani naye akakujibu kwa kuinua mkono tu, bila neno, ukajua huyu hana kiburi, huyu anakwenda dukani. Nikiwasimulia wajukuu wangu wananitazama wakidhani bibi yao ameanza kuchanganyikiwa. Labda nimeanza. Lakini hilo sikulibuni.

Majina sitayaandika. La mume wangu ni lake. Langu ndilo lenye kesi hapa, na nikiliandika nitakuwa nimejipa mwenyewe kile nilichokwenda kukitafuta kwa shida. Na kuna la tatu ambalo sitaki liguse kalamu yangu. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, najua kuandika majina, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nimesahau.

Nilizaliwa upande wa Kabambare. Baba yangu alilima mpunga na karanga, na alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, ya pekee kijijini petu. Mwaka niliomaliza shule alisikia wimbo fulani redioni, ukamshika. Alinifundisha kwa siku mbili mpaka nikaujua, kisha akanituma Kasongo pamoja na shangazi yangu, aliyekuwa anapeleka karanga sokoni. Sasa shangazi hakuwa mtu wa kunyamaza. Njia nzima aliimba nyimbo za kutwanga. Niliziba masikio, nikatembea mbele, nikatembea nyuma, wapi. Tulipofika Kasongo wimbo wa baba na wimbo wa kinu zilikuwa uji mmoja kinywani mwangu.

Niliimba. Mwenye duka akafumba macho, akayafumbua.

"Rudilia."

Nikarudia.

"Hii muimbo haiko," akasema. "Haiko hapa, haiko Kinshasa, haiko popote. Mwanzo ni ya redio, mwisho ni ya kinu. Mutoto, umeniletea nyimbo mbili ndani ya nguo moja."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika meza. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Ndipo pazia la nyuma likafunguka, akatoka kijana mrefu mwembamba, gitaa limening'inia shingoni kwa kamba ya katani. "Usimufukuze," akamwambia mwenye duka. "Aimbe tena. Mimi naitaka." Nyuma ya pazia kulikuwa na uwanja, na katika uwanja okestra ndogo ya watu watano ilikuwa inafanya mazoezi. Yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji. Niliimba tena, mara nne, akishika kila sauti kwenye gitaa. Mwanzo wangu aliuacha mwanzo na mwisho wangu akauacha mwisho. Katikati akatia sehemu yake mwenyewe.

Baba alipata santuri nyingine, akaisikiliza mwaka mzima kwa hasira. Mimi nilipata mume.

Jumapili baada ya misa ilikuwa matine. Hivyo ndivyo tulivyoita muziki wa mchana, katika uwanja uleule nyuma ya duka. Viti havikuwepo, ulikuja na chako kutoka nyumbani, na ungeona njia zote za mtaa zimejaa watu wenye vigoda vichwani. Waislamu wa jirani walikuja baada ya sala ya alasiri, na okestra iliwangoja kabla ya kupiga wimbo mkubwa, kwa sababu bila wao hakukuwa na wachezaji wazuri. Tulikuwa watu arobaini, pengine hamsini, siku ya mvua kumi na wawili. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari. Ikianza kuchoka gitaa lililegea, na mtu alikwenda kuitikisa. Ulikaa karibu na mwimbaji hata jasho lake likakurukia. Alikuona ukipiga miayo, akakutania kwa wimbo palepale. Alijua nani amefiwa wiki ile, akampunguzia mdundo. Mimi sijapata tena mahali ambapo muziki ulinijua. Huu wa leo unapita juu ya kichwa changu kama ndege inayokwenda Bukavu.

Lazima nieleze jiwe. Kwetu Kongo mwimbaji humtupia mtu jiwe. Kwa Kilingala wanasema libanga. Anafika mahali fulani katikati ya wimbo, gitaa linashuka, naye anamtaja mtu kwa jina, mara tatu, na mtu yule anakuwa mkubwa machoni pa watu wote. Hutupiwi bure. Mmoja analeta kuku, mwingine galoni ya mafuta ya mawese. Nafasi ile ni kiti cha kukodi, leo cha huyu, kesho cha yule. Lakini katika uwanja wetu kiti kilikuwa na mwenyewe. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele, mtu mnene mwenye kofia ya manyoya hata kwenye jua, na kila Jumapili gunia lake lilifika kwenye baiskeli kabla yake. Wanamuziki watano na watoto wao walikula gunia lile. Kwa hiyo katika wimbo uliotoka mdomoni mwangu, wenye sauti ya baba yangu mwanzo na sauti ya shangazi yangu mwisho, jina lililokaa katikati lilikuwa la mwenye mchele.

Nilimchukia. Nasema waziwazi, sikumkosea heshima mbele ya watu, lakini nilimchukia. Kila Jumapili, wimbo ulipofika tu katikati, gitaa halijashuka, niliinuka nikaenda kwenye mtungi wa maji karibu na mlango, nikatia kata, nikanywa polepole bila kusikiliza mpaka jina lile lipite. Halafu nilirudi kwenye kigoda changu.

"Muimbo imetoka kwangu," nilimwambia mchumba wangu. "Jina ni ya ule mubaba?"

"Jina yako haina muchele," akanijibu akicheka.

Wiki nzima sikumsemesha. Jumapili iliyofuata nikaenda kwa ubishi tu, nikakaa mbele. Gitaa likashuka. Nikashika goti kuinuka niende zangu kwenye mtungi, na kabla sijasimama nikasikia jina langu. Alilitaja mara ya kwanza taratibu, kama anayeuliza. Ya pili akalivuta. Ya tatu akalipandisha juu mpaka sauti ikakatika kidogo. Nami mjinga, badala ya kuinama kwa haya kama msichana aliyelelewa, nikaitikia kwa sauti kubwa: "Karibu!" Ndivyo tunavyoitikia kwetu ukiitwa na mama yako aliye jikoni. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata mpiga ngoma alipoteza mdundo.

Mwenye mchele akasimama, akavaa kofia, akamwonyesha mtu wake gunia kwa kidole. Likapakiwa kwenye baiskeli likaondoka. Wiki ile okestra ilikula sombe tupu, majani ya muhogo bila wali, na wake za wanamuziki walinipita sokoni bila salamu. Jumapili iliyofuata jina lake lilirudi kwenye kiti. Sikulalamika. Nami nikarudi kwenye mtungi wangu.

Jambo moja tu lilibaki. Siku ile mwenye duka alikuwa ametundika radio-kaseti yake kwenye msumari wa mlango, kama alivyofanya mara mojamoja, na wimbo wote ukaingia. Kaseti moja. Hakuna nyingine.

Kisha maisha yakatutafuna kama yanavyotafuna kila mtu. Tulioana. Mume wangu alinunua cherehani, maana gitaa halisomeshi watoto. Mmoja wa wale watano alikufa, mmoja akaenda kuchimba dhahabu asirudi, matine ikawa mara moja kwa mwezi, halafu haikuwa. Vita ilipofika tulilala porini. Tuliporudi duka halikuwa na mlango, na mwenyewe hakuwepo. Santuri zilizagaa soko zima. Wanawake walizipasha moto kidogo wakazikunja kuwa bakuli za kutilia pilipili. Nyingine zikawa vifuniko. Mpaka leo naijua nyumba ambayo mtungi wake wa maji umefunikwa na rumba, na kila nikikaribishwa maji pale yananikaba.

Mume wangu alianguka asubuhi, pasi ya mkaa mkononi. Hospitalini walisema ni mshipa wa kichwa. Mkono wa kuume ulikufa, mguu ukafuata, na maneno yakaondoka yote. Yakabaki "aa" na "mm". Mtu aliyewahi kumtania kila mkazi wa mtaa kwa wimbo, leo akitaka maji anapiga ukuta. Hayo ningeyazoea. Lililonishinda ni macho. Alinitazama usoni, akafungua mdomo, akangoja, na nikaona kabisa kwamba anatafuta jina langu na halioni. Alifanya hivyo kila siku. Halafu aligeukia ukuta kwa aibu. Niliingia jikoni nikalia juu ya moshi ili nisingizie moshi.

Siku moja pikipiki ilisimama mbele ya nyumba yetu, dereva ana redio shingoni, na redio ikapiga rumba ya zamani. Nilikuwa nasonga bugali. Nikasikia sauti ya mwanaume chumbani. Mume wangu alikuwa anaimba. Mstari mzima, na maneno yake yote, kila neno mahali pake. Nilikimbia na mwiko mkononi. Wimbo ulipokwisha alinyamaza, nikamwambia sema, akasema "aa".

Muuguzi aliyekuwa anakuja kumnyoosha mkono hakushangaa.

"Mama, maneno ya kusema na maneno ya kuimba hailale chumba moja," akaniambia. "Moja imefungwa. Ingilia kwa ingine. Muimbie."

Nilimwimbia nyimbo za kanisa, akaimba. Nilimwimbia za kubembeleza watoto, akaimba na kucheka upande mmoja wa uso. Lakini mimi nilitaka jina langu, na hakuna wimbo wa kanisa wenye jina langu. Lilikuwa mahali pamoja tu duniani, katikati ya wimbo wetu. Nikafikiri hivi: nikimwimbia mwanzo ataingia, akiingia atafika katikati, akifika katikati atalitaja, kwa sababu atakuwa hana njia nyingine. Sikutaka kingine. Aliniita mara elfu akiwa mzima, wala sikujua kwamba nahesabiwa siku.

Nikakaa kando yake nikaanza. Mwanzo wa baba yangu, ninao. Mwisho wa shangazi yangu, ninao. Katikati hamna kitu. Nilirudia mpaka koo likakauka. Yeye alinifuata mpaka pale, akaning'inia kama mtu aliyefika kwenye daraja lililovunjika, akanitazama mimi nimwonyeshe njia. Nami sikuijua. Jumapili zote zile, sehemu ile ilipopigwa, mimi nilikuwa kwenye mtungi nakunywa maji kwa hasira.

Siku hizi muziki Kasongo unauzwa na vijana wenye meza, mwavuli na kompyuta. Wanakupakia nyimbo mia kwenye kadi ya simu huku unangoja umesimama. Nilikwenda kwa mmoja wao, kijana mpole.

"Jina ya muimbo ni gani, mama?"

"Sijui. Nitakuimbia."

Alinitazama, akatazama foleni nyuma yangu. Kisha akaniambia simu yake inajua kusikia, akaileta karibu na mdomo wangu. Niliimba mbele ya watu kama zamani, mzee mzima, kitambaa kichwani. Kitu fulani kikazunguka kwenye kioo, kikazunguka. Tukangoja. Akainamisha kichwa.

"Mama, hii simu inajua nyimbo za dunia yote. Kama haiijue, basi muimbo haiko."

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilimwambia jaribu tena, akajaribu. Nilimwambia labda nimeanza chini sana, nikaanza juu. Watu wa foleni walikuwa wameshaanza kunionea huruma, na huruma ya foleni inachoma kuliko tusi. Mwanamke mmoja alinishika mkono akanitoa taratibu kwenye jua. Ndiye aliyeniambia kwamba mwenye duka la santuri hajafa. Alikimbilia Kabambare wakati wa vita, akabaki hukohuko, anauza sabuni.

Mwanangu alipiga simu kutoka Kindu. "Mama, na ile nyonga yako? Utafia njiani." Nikamwambia nikifia njiani wanizike palepale, nikakata. Nilimwachia mkwe wangu mgonjwa, nikapanda pikipiki. Sitaki kuisimulia barabara ile. Aliyeipita anaijua, ambaye hajaipita hataamini. Kuna mahali dereva alibeba pikipiki badala ya pikipiki kutubeba. Tulilala Wamaza, nyumbani kwa watu wasionijua, wakanipa wali na mlango wa kufunga. Nilikula wali ule nikimkumbuka mwenye mchele, nikaona hata tumboni mwangu yumo.

Duka la Kabambare lilikuwa dirisha moja. Sabuni, chumvi, betri, kiberiti. Nyuma ya dirisha alikaa mzee mkavu na kitambaa begani. Nilimwamkia, nikaanza kueleza mimi ni nani, mke wa nani, wa matine gani.

"Sikukumbuki," akanikata. "Imba."

Nikashika chuma cha dirisha nikaimba. Akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, lakini uso ulikuwa uleule wa ukali.

"Nyimbo mbili ndani ya nguo moja," akasema. "Kumbe ni weye. Ingia."

Kaseti alikuwa nayo. Alikuwa nayo! Ilikuwa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga pamoja na nyingine sita, ndizo mali pekee alizobeba akikimbia. Jirani yake alikuwa na radio-kaseti ya zamani, tukaiazima, tukaitia betri mpya za dukani. Lakini utepe ulikuwa umeota ukungu, umeshikana. Alizungusha kwa kalamu kidogokidogo, akafuta kwa kile kitambaa, akatia, akabonyeza. Kilitoka kicheko. Kicheko cha watu wengi kwa pamoja, sekunde mbili, pengine tatu. Halafu utepe ukakatika ukajisokota ndani ya mashine.

Kicheko kile nilikijua. Ni kile walichonicheka mimi nilipoitikia. Jina langu lilikuwa hapohapo nyuma yake, unene wa kidole, na sasa lilikuwa limetafunwa. Sijawahi kulia vile, hata kwenye msiba wa baba. Nilikaa chini kwenye udongo wa duka la mtu na miguu yangu imenyooka kama ya mtoto.

Mzee aliniacha nilie mpaka nikachoka. Kisha, bila kuombwa, akaanza kuimba. Sauti yake haikuwa kitu, ilikwaruza, lakini kila kona ya wimbo alikuwa nayo. Akapita mwanzo wangu, akaingia katikati, ile sehemu ya mume wangu, na nikaisikia nzima kwa mara ya pili tu maishani mwangu. Kisha akashusha sauti akatupa jiwe, mara tatu. Jina la mwenye mchele.

"Siyo hiyo," nikamwambia. "Tia yangu."

"Yako ilitupwa mara moja, mama. Yake, kila siku ya Mungu, miaka na miaka. Muimbo iko nayo namna hii."

"Nilikuwepo siku ile. Nilisikia."

"Siku zingine ulikuwa kwenye mutungi," akasema. Kumbe waliniona wote. "Asiyekuwapo na lake halipo."

Nilimkasirikia, lakini nilimrudisha mwanzo mara kumi, na kila mara alipofika kwenye jiwe nilipaza sauti nikatia jina langu juu ya lile jingine mpaka likazama. Nililala palepale, na asubuhi jua lilipopanda nikaona ninao wote. Nikamshika mikono, nikapanda pikipiki na wimbo mdomoni.

Siku mbili za kurudi sikusema neno. Dereva alidhani nasali. Tulipokwama kwenye matope aliniuliza kama nina njaa, nikainua mkono. Kwenye kilima kimoja tulikutana na wanawake wa umri wangu wakitoka shambani, wakanisalimia kwa heshima zote, nikawainulia mkono. Wawili walikasirika. Wa tatu, mkubwa wao, alisimama akanitazama sana, akawaambia wenzake, "Muacheni, iko na muimbo." Sijui yeye ni nani. Nilitamani kushuka nimkumbatie, lakini ningeangusha wimbo.

Nilifika nyumbani mchana, na matope mpaka kwenye nyusi. Sikunawa. Nilikwenda moja kwa moja kitandani, nikakaa kando yake, nikaanza. Aliingia mstari wa pili. Tulipofika kwenye daraja lililovunjika, safari hii nilivuka, naye akavuka nami. Uso wake ulifunguka. Ile sauti, wallahi, ile ya uwanjani, ikatoka kwenye kifua cha mtu ambaye hawezi kuomba maji. Tukashuka pamoja kama gitaa linavyoshuka, kisha mimi nikanyamaza ili nimwachie nafasi.

Akalitaja. Taratibu kwanza, kama anayeuliza. La pili akalivuta. La tatu akalipandisha mpaka sauti ikakatika kidogo.

Lilikuwa la mwenye mchele.

Akanitazama kwa furaha ya ajabu, machozi yanatiririka upande mmoja, kama mtu aliyepata ufunguo. Akalisema tena, safari hii bila kuimba. Akalisema akinionyesha mimi kwa mkono mzima. Neno lake la kwanza. Nilisema, "Hapana. Hapana, siyo hilo." Nikamtajia jina langu, nikamshika kidevu, nikamlazimisha atazame midomo yangu kama mtoto wa darasa la kwanza. Akajaribu, likatoka la mwenye mchele. Nikampigia kelele. Nilimpigia kelele mgonjwa, namwandikia Mungu hapa aone. Nikatoka nje nikakaa nyuma ya nyumba, nikamlaani mwenye mchele, marehemu wa miaka mingi, na gunia lake.

Nilipomkataza, alifunga mdomo. Siku ya kwanza nilidhani amenuna. Siku ya pili nilimwimbia za kanisa, hakuingia. Siku ya tatu hakusema hata "aa", hakupiga ukuta, alilala na kiu akitazama paa, na nikaelewa kwamba anaondoka na mimi ndiye niliyemfungia mlango. Hofu iliyonishika siku ile sitaki hata adui aipate.

Nikarudi kitandani. Nikaimba kutoka mwanzo, ule wa baba yangu. Nikafika katikati. Wimbo ukashuka, na kwa mara ya kwanza sikuinuka kwenda kwenye mtungi. Nikalitaja mwenyewe jina la mwenye mchele, mara tatu, kama inavyotakiwa.

Akageuza kichwa. Akanitazama, akafungua mdomo, na safari hii hakungoja, hakutafuta, wala hakuona aibu. Aliniita kwa jina lile, kwa sauti ya Jumapili.

"Karibu," nikaitikia.